Mama Futi na Kidevu cha Gari Jekundu

Kwa miaka thelathini na minne Mama Futi alishona sare za shule, magauni ya harusi, suti za makarani na, mara moja, pazia la ukumbi mzima, akiwa katika chumba chenye dirisha moja na cherehani mbili. Jina hilo alibandikwa na wateja kwa sababu ya futi kamba ya njano iliyoning'inia shingoni mwake kutwa nzima. Sokoni alikwenda nayo. Hospitalini alikwenda nayo. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwepesi wa maneno, mwenye jicho lililokwisha kukupima kiuno kabla hujamaliza kumwamkia.

Kisha magoti yakaanza kumletea jeuri. Asubuhi alihitaji robo saa nzima kuyabembeleza yakubali kushuka kitandani. Binti yake wa pekee, muuguzi, akaja na gari la mizigo, akapakia kitanda, cherehani moja na mama mwenyewe, akamhamishia nyumbani kwake.

"Umefanya kazi inatosha, mama," alimwambia. "Sasa ni kula na kulala."

Kula hakukuwa na shida. Kulala ndiko kulikomshinda. Alizoea kuamka akijua kwamba kuna watu watano wanaongoja mikono yake, na sasa hakuna aliyemngoja hata wa dawa. Katika miezi miwili ya kwanza alishona mapazia ya vyumba vyote, foronya za mito yote, kifuniko cha redio, kifuniko cha friji na vazi la mtungi wa gesi. Binti yake alivumilia mpaka siku aliyorudi kutoka zamu ya asubuhi akakuta birika la chai limevalishwa kitu chenye marinda.

"Mama," alisema, huku akijizuia asicheke, "birika limevaa sketi."

"Linapoteza joto haraka, mwanangu."

"Naomba upumzike. Kweli kweli."

Basi akapumzika, kwa maana ya kwamba alikaa kwenye kiti karibu na dirisha la jikoni, akatazama nje, akachoka kuliko alivyowahi kuchoka.

Ilikuwepo shida nyingine ambayo hakumwambia mtu. Mkwe wake, mume wa binti yake, alikuwa mpima ardhi: mwanamume mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini na viatu vyenye vumbi daima. Alimheshimu mama mkwe wake kupita kiasi. Kila asubuhi mazungumzo yao yalikuwa yale yale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama, mama."

Basi. Mama Futi akiingia sebuleni, yule bwana alinyanyuka kama karani aliyefumaniwa amesinzia, akapunguza sauti ya televisheni, akatafuta neno, akalikosa, kisha akakumbuka ghafla kwamba ana jambo la kufanya nje. Miezi minane walikaa nyumba moja namna hiyo. Mama Futi, ambaye aliweza kuzungumza na jiwe mpaka jiwe likacheka, alikata shauri kwamba mkwe wake hampendi. Lilimuuma, ila alilimeza.

Lile jambo la kufanya nje lilikuwa gari. Nyuma ya nyumba palikuwa na banda la mabati, na ndani ya banda hilo gari jekundu la michezo, la milango miwili, lililoinama chini kana kwamba linanusa sakafu. Lilikuwa limezeeka, na mwenyewe alilinunua likiwa limegongwa, akalifufua kipande kwa kipande. Jumapili moja kila mwezi alikwenda nalo kwenye kiwanja cha ndege cha zamani kisichotuliwa na ndege tena, ambako watu wenye ugonjwa kama wake walikutana, wakapanga koni za plastiki kwenye lami na kushindana na saa.

Jumamosi moja asubuhi, akiwa kitini pake jikoni, Mama Futi alimwona mkwe wake akitoka bandani na ubao wa plaiwudi uliokatwa umbo la mwezi mchanga. Aliusimamisha ukutani, akautazama, akajishika kiuno. Alirudi ndani, akatoka, akautazama tena. Halafu akaupiga teke.

"Ana nini huyo?" Mama Futi aliuliza.

Binti yake alikuwa akikatakata vitunguu. "Splita, mama. Wiki ya tatu sasa. Ni ubao unaofungwa chini ya bampa la mbele, unatokeza nje kidogo kama kidevu. Anasema gari likikimbia sana upepo unaingia chini yake, pua inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli. Ule ubao unaukata upepo na kuikandamiza pua chini. Huo aliopiga teke ni wa pili. Wa kwanza tumeugeuza rafu ya viatu."

Mama Futi alisogea karibu zaidi na dirisha. "Zote mbili zimekataa kukaa?"

"Upande mmoja unakaa, mwingine unaacha mwanya. Na yule mtu hupima mashamba ya watu, mama! Kazi yake ni kupima!"

Mama Futi alikuwa ameshasimama, na magoti yake, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, hayakuulizwa maoni yao.

Alipofika mlangoni mwa banda, mkwe wake alikurupuka kutoka chini ya gari na kugonga kichwa kwenye bampa.

"Shikamoo, mama. Samahani, mama. Nilikuwa tu... ni kelele? Nimekusumbua?"

"Marahaba. Kelele ya nini? Nionyeshe hiyo karatasi uliyokatia."

Alimletea. Ilikuwa kazi safi mno, yenye mistari myembamba ya penseli na tarakimu zilizopangwa kama askari. Ila ilikuwa nusu: kuanzia katikati ya gari hadi gurudumu la kulia, basi.

"Nusu nyingine iko wapi?"

"Hakuna, mama. Nilipima upande mmoja, nikaigeuza karatasi, nikachora upande wa pili. Gari lina pande mbili zinazolingana."

"Nani kakwambia?"

Mpima ardhi aliitazama karatasi yake, kisha gari.

"Baba," Mama Futi alisema, akivuta ndoo ya rangi iliyokwisha na kuikalia, "mimi nimepima watu miaka thelathini na minne. Wanene, wembamba, wanajeshi, mabibi harusi. Sijaona mmoja mwenye mabega yanayolingana. Bega moja liko juu, jingine chini. Ukimshonea koti kwa kipimo cha bega moja, atatoka dukani kama amebeba mtungi. Hili gari lako liligongwa upande gani?"

"Kushoto," alijibu taratibu, na uso wake ukaanza kubadilika.

Mama Futi aliivua futi kamba shingoni. Alipima kutoka katikati ya nembo ya gari hadi ukingo wa gurudumu la kulia, kisha la kushoto. Alipima tena ili asisingiziwe. Tofauti ilikuwa upana wa kidole kimoja kizima. Bampa lililonyooshwa baada ya ajali lilirudi mahali pake, lakini halikurudi kama lilivyozaliwa.

Mpima ardhi aliishika ile futi kamba ya kitambaa, akaitazama kana kwamba imemtukana. Kisha akafanya jambo ambalo Mama Futi hakulitarajia. Alicheka. Alicheka mpaka akaegemea boneti.

"Nimetumia wiki tatu," alisema akifuta macho. "Vyombo vyote ninavyo. Wiki tatu!"

"Una karatasi ya kaki? Kubwa?"

Alikuwa nayo, roli nzima.

Walifanya kazi siku ile mpaka saa kumi jioni. Gari lilipandishwa kwa jeki, likaegeshwa juu ya stendi nne za chuma, na mkwe akalitikisa kwa nguvu zake zote kuhakikisha halitamwangukia. Walibandika karatasi chini ya pua yote, kutoka gurudumu hadi gurudumu, wakiikaza kwa utepe wa gundi. Mama Futi hakuweza kulala chali chini ya gari, hivyo alikaa kwenye ndoo yake na kutoa amri. "Vuta huko. Usiivute sana, itakudanganya. Karatasi ikikaa kwa wasiwasi, nguo nayo itakaa kwa wasiwasi." Mkwe alileta timazi lake, ule uzi wenye uzito nchani, akaliteremsha kutoka ukingo wa bampa, na kila mahali ncha ilipogusa karatasi, Mama Futi aliinama akatia alama kwa chaki ya kushonea. Alama sitini na mbili. Baadaye walitandika karatasi sakafuni, wakaziunganisha alama kwa mkono, bila rula, naye akaongeza upana wa vidole vinne mbele, kwa ajili ya kidevu chenyewe.

Mkwe alinyoosha mkono kuchukua ubao wa tatu na wa mwisho. Alipigwa kikofi kidogo.

"Unakwenda wapi? Bibi harusi hakatiwi hariri kabla ya kujaribishwa kwa kitambaa cha bei rahisi. Lete boksi."

Wakalichana boksi la friji, wakakata splita ya makaratasi magumu, wakaipachika. Ilikaa kulia. Ilikaa kushoto. Katikati ilibenuka kidogo, Mama Futi akaipunguza kwa mkasi, na ikakaa kote. Mkwe alipitisha kidole kwenye ungio, kutoka mwanzo hadi mwisho, asipate mwanya.

"Mama," alisema akiwa bado amelala chini, uso hauonekani, "nilikuwa naona haya."

"Ya nini?"

"Mtu mzima, ana kazi, ana mke, halafu kila Jumamosi anachezea gari. Nilidhani unanitazama pale dirishani ukisema binti yangu kaolewa na mtoto. Ndiyo maana nikikuona nakimbia."

Mama Futi alijifanya anakunja karatasi. "Na mimi nilidhani hunipendi," alisema mwishowe. "Pale dirishani nilikuwa natamani tu mtu aniambie njoo ushike kitu."

Palepale, kutoka chini ya gari, mkono wenye grisi ulijitokeza na kumpa bisibisi. Aliishika. Hakuna aliyejua ni ya kazi gani.

Kesho yake ubao wa tatu ulikatwa kwa msumeno wa umeme, ukasuguliwa kwa msasa, ukapigwa rangi nyeusi mara tatu ili usinywe maji. Ulipokauka, mkwe alichukua skrubu kumi na mbili akaenda kuufunga kwenye bampa. Mama Futi aliligonga bampa kwa kidole. Lilitoa sauti ya ndoo.

"Hii si plastiki?"

"Ni plastiki, mama."

"Na huo upepo unaosema, unakandamiza kwa nguvu kiasi gani?"

"Kama mtu mzima amesimama juu yake."

"Basi unashonea kifungo cha koti kwenye bitana. Kitanyofoka na bitana yake. Hiki kitu kishikwe na kitu kigumu kilichoko ndani."

Kwa hilo walimwita Fundi Kesho, jirani mwenye gereji ya magari kwenye kona ya mtaa. Hakuitwa hivyo kwa uonevu. Ukimpelekea gari leo, atakwambia kesho, na kesho atakwambia hivyo hivyo kwa uso mkunjufu ule ule. Alikuja akaingiza kichwa chini ya gari, akakaa huko muda mrefu, akatoka.

"Nani kakata hii?"

"Mama," alisema mkwe.

"Mama gani?"

"Huyu mama."

Fundi Kesho alimtazama Mama Futi kuanzia kilemba hadi kandambili. Kisha akasema neno ambalo mtaa mzima ulilisimulia kwa wiki nzima: "Nafanya sasa hivi."

Na kweli alifanya. Alichomelea vipande vinne vya chuma kwenye fremu ya mbele, nyuma ya bampa, akatoboa ubao na kuufunga kwa bolti zenye nati pana. Akaongeza fito mbili nyembamba za chuma zilizoning'inia kutoka kwenye fremu hadi karibu na ukingo wa mbele wa ubao, kuushikilia usilegee. Alipomaliza alijifuta mikono.

"Tuijaribu. Mtu akae."

Wanaume wawili wakatazamana. Mkwe alikuwa mrefu lakini mwembamba, Fundi Kesho alikuwa mifupa tu ndani ya ovaroli.

"Mnanitazama nini?" alisema Mama Futi. "Semeni tu."

"Hatujasema kitu, mama!"

"Macho yenu yamesema."

Alijifunga kanga vizuri, akageuka, akashuka polepole huku magoti yakilia, akaketi juu ya kidevu cha gari jekundu. Ubao ulijikunja unywele mmoja ukatulia. Alijitikisa. Alijitikisa tena, kwa makusudi. Hakuna kilicholia isipokuwa jogoo wa jirani. Ndipo binti yake alipotoka jikoni na sinia la chai, akamkuta mama yake, aliyeletwa pale apumzike, ameketi mdomoni mwa gari la mashindano, wanaume wawili wamechuchumaa mbele yake wakimkagua makalio kwa umakini wa madaktari.

"Niambieni kwamba ninaota," alisema.

"Weka chai hapo," Mama Futi alimjibu. "Na uniletee kikombe changu hapahapa. Pananifaa."

Isingekuwa geti, mambo yangekuwa shwari kabisa. Jumapili ya mashindano, mkwe alitoa gari taratibu. Getini, mahali uwanja wa nyumba ulipokutana na barabara, palikuwa na tuta dogo la saruji ambalo hakuna aliyelifikiria miaka yote. Mama Futi alikuwa nje akiongoza kwa mikono, binti yake amesimama kando. "Njoo, njoo, njoo... simama! Simama, baba!" Palisikika mkwaruzo uliowafanya wote watatu kufumba macho. Mkwe alishuka amekuwa wa rangi ya majivu. Ukingo wa ubao, upande wa kulia, ulikuwa umetafunwa mahali panapotosha kiganja.

"Imekwisha," alisema.

"Imekwisha nini? Pindo limeliwa. Sketi ndefu zote huliwa pindo, mimi nimebadilisha mapindo mangapi? Nenda bandani, ulete ule mpira wa mlango uliobaki."

Ulikuwa mpira mweusi wenye mfereji katikati, wa kuzuia vumbi mlangoni mwa gari. Mama Futi aliusugua ukingo ulioumia kwa msasa, akaupaka gundi, akauvalisha mpira kutoka pembe hadi pembe, akikaza kwa kidole gumba kama anavyokaza ukosi. Dakika ishirini. Kisha wakaweka mbao mbili juu ya tuta, gari likapita limenyanyuka kidogo, na splita ikavuka bila kugusa.

"Sasa nenda, utachelewa," alisema Mama Futi.

Mkwe alizunguka akafungua mlango wa abiria. "Huji, mama?"

Kuingia ndani ya lile gari ni hadithi nyingine. Kiti kilikuwa chini kama mkeka, na ilibidi binti asukume kutoka nje huku mkwe akivuta kutoka ndani, wote watatu wakicheka mpaka nguvu zikawaishia. Lakini aliingia.

Kiwanjani alikalishwa chini ya turubai, akapewa kofia na soda. Aliliona gari jekundu likienda mwisho wa lami, likageuka, likaja kwa mlio uliomtetemesha kifua. Alitazama ubao tu, akingoja utikisike, na mikono yake ikawa imeikamata futi kamba kama tasbihi. Haukutikisika. Gari lilipita kwenye kona ndefu limeshikilia lami, pua chini, likala kona ile kama mkasi unavyokula kitambaa.

Mkwe alirudi akitembea kwa hatua za haraka. Hakusema shikamoo. "Mama, limetulia! Usukani ni mzito, mzito mzuri, unaelewa? Kwenye kona zamani nilikuwa naomba Mungu, sasa naelekeza tu, linakwenda. Limetulia, mama!" Alizungumza bila kupumua kwa dakika tano, maneno mengi kuliko ya miezi minane. Mama Futi alimsikiliza, haelewi nusu yake, amefurahi yote. Siku hiyo mkwe alikuwa wa nne kati ya kumi na tisa, naye kabla ya hapo hakuwahi kuvuka wa kumi.

Mshindani mmoja mwenye gari la buluu alikuja, akainama, akapitisha kidole kwenye ungio. "Nani kakukatia hii?"

"Mama mkwe wangu."

"Acha utani, bwana."

"Yule pale mwenye soda."

Yule bwana alimgeukia. Mama Futi alikuwa ameshamtazama yeye na gari lake kwa mpigo mmoja. "Lako liliwahi kugongwa nyuma," alisema. "Ila mbele ni zima. Lete Jumamosi. Na wewe mwenyewe, hiyo suruali, aliyekukatia amekuonea."

Tangu siku hiyo Jumamosi za nyumba ile zilibadilika. Bandani pamewekwa meza ndefu ya kukatia, yenye urefu unaoyafaa magoti ya mwenye nayo, na ukutani zinaning'inia karatasi za kaki za magari tisa. Mkwe hupima kwa timazi, Mama Futi hukata, Fundi Kesho huchomelea, na kwa kazi hiyo tu huja siku aliyoahidi. Asubuhi mama na mkwe bado huamkiana, lakini baada ya "salama, mama" hufuata ubishi wa nusu saa kuhusu unene wa plaiwudi. Binti hulalamika kwamba aliolewa na mtu mmoja mwenye wazimu wa magari na sasa anaishi na wawili, ila ndiye anayemsimulia kila muuguzi mwenzake.

Mwezi uliopita Mama Futi, mwenye miaka sitini na sita, alimwomba mkwe wake amfundishe kuendesha. Si lile jekundu, ni kale kagari kadogo keupe ka binti. Siku ya kwanza alizima injini mara kumi na moja, na kila ilipozimika alilitukana gari kwa upole, kama alivyozoea kumtukana mteja anayechelewa kuja kuchukua nguo. Siku ya sita alipata gia ya pili. Jumanne iliyopita alikwenda hadi gereji ya Fundi Kesho, akageuza, akarudi, mkwe akiwa pembeni amejikamata kwenye mkanda wa kiti na macho yamemtoka.

"Mama, punguza mwendo kidogo," alimsihi.

"Hata thelathini sijafika!" alijibu Mama Futi, na akaongeza mwendo.